Nguo za Bibi Zisizo na Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi moja niliyoichukia kuliko kusugua masufuria: kuanika nguo za bibi mbele ya nyumba iliyopakana na yetu. Bibi mwenyewe hakuwepo. Alihamia kwa shangazi miezi minne nyuma, na nyumba yake ilibaki na panya tu. Mama alitaka ionekane ina mtu.

Nyumba zetu zilijengwa na chama cha makazi, si kwa kutafuta faida, bali kwa ajili ya wasio na uwezo wa kujenga. Anayehama hurudisha ufunguo, na familia iliyo juu kwenye orodha huingia.

"Tukiurudisha, kaka yako akioa ataishi wapi?" mama aliniambia. "Wewe anika, ufunge mdomo."

Basi nalowesha magauni yaleyale safi, naanika. Karaha tupu!

Jumamosi moja nilimpelekea daftari rafiki yangu, tunayemwita Kijiti kwa wembamba wake. Jamani! Watu sita chumba kimoja, na ukuta wa nyuma ni wa choo cha mtaa mzima. Maji machafu yalipenya hadi chini ya godoro, na funza ndani yake. Mdogo wake alikuwa anaharisha tena. Nilibana pua, nikaona aibu, nikaiachia.

"Sisi ndio wa kwanza kwenye orodha ya chama," Kijiti alisema huku akipiga deki. "Tunangoja nyumba moja tu iwe wazi."

Nilishindwa kumtazama usoni.

Jumatatu karani wa chama alikuja kukagua. Mama akamchekea. "Mama mkwe katoka kidogo tu. Si unaona nguo zake?"

Karani akanigeukia. "Eti, mwanangu?"

Mama alinikazia macho. Nikasema, "Bibi alihama. Nguo naanika mimi. Mama, njoo uone Kijiti anapolala!"

"Mtoto huna haya!" mama alifoka. Hata hivyo alikuja, na karani nyuma yetu. Mlangoni kwa kina Kijiti mama alisimama, akatazama lile godoro na mtoto aliyelala juu yake, akageuka kutapika. Kisha alifungua pindo la nguo yake, akampa mama yake Kijiti ufunguo wa nyumba ya bibi.

Karani alisema taratibu, "Ukishikilia nyumba usiyolala, dada, kuna mtoto unamlaza kwenye kinyesi."

Mama alijibu, "Nimemwona."