Koti la Asiye na Kaburi

Jioni ile nilikuwa nimebakiza vifungo tu.

Vifungo vitatu vya mbele, vya rangi ya kahawia, na koti lingekuwa limekwisha. Nilikuwa nimemwahidi mama mkubwa kwamba nitampelekea kabla ya giza. Dukani nilikuwa peke yangu. Mlango nilikuwa nimeurudishia, pasi ya mkaa ilikuwa inapoa mezani, na taa sijaiwasha bado.

Koti lilikuwa la mwanawe. Sisi tulimwita Kinanda, kwa jinsi alivyopenda kupiga mluzi. Aliuawa vitani akiwa na miaka ishirini na mmoja, na kaburi lake halikujulikana. Mama mkubwa alikaa miezi minne bila kulia. Kisha akaniletea kitambaa cha sufu. "Nishonee koti la ndugu yako," akasema. "Kama hawana mwili wa kunipa, nitazika nguo." Kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kufanya hivyo. Lilikuwa wazo lake, nami sikuthubutu kulipinga.

Vipimo vya Kinanda sikuwa navyo. Lakini tulikuwa sawa kwa kimo na kwa mabega. Tangu shuleni tulikuwa tukiazimana mashati. Kwa hiyo nililikata koti kwa mwili wangu. Fundi yeyote angefanya hivyo.

Niliposhona kifungo cha mwisho, nikalivaa mbele ya kioo nione kama limekaa sawa. Nikafunga cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

Nilipotaka kuvifungua, havikufunguka.

Mwanzo nilicheka. Nilidhani matundu nimeyabana mno. Nikavuta... uzi haukukatika. Nikanyoosha mkono kuufikia mkasi. Koti likanikaba kiwikoni, vidole vikaishia shubiri moja kabla ya mkasi. Kisha nikanusa udongo. Halikuwa vumbi la dukani. Ulikuwa udongo mbichi, kama uliochimbuliwa sasa hivi, na ndani yake harufu ya chuma.

Halafu mfuko wa kulia ukacheza.

Mifuko ya koti jipya huwa tunaiziba kwa bandi, mshono wa muda, isije ikapwaya kabla mteja hajalichukua. Huu ulikuwa bado umezibwa. Lakini ndani yake, taratibu, vidole vilikuwa vikikwaruza.

Krr... krr...

"Panabana, ndugu yangu."

Sauti haikutoka mbele wala nyuma. Ilitoka chini ya bitana, karibu na mbavu zangu.

"Kinanda?" nilinong'ona.

"Walipita wakituita sisi tuliokufa. Kila aliyeitwa aliondoka. Likaitwa jina lako. Ningeitikaje?"

Nilimwelewa.

Barua ya kuitwa jeshini ilikuwa imeandikwa jina langu, majina yote matatu, bila kosa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Kinanda aliichukua mkononi mwangu huku akicheka. "Hao wanahesabu vichwa, hawaangalii sura. Wewe baki ulee." Akaenda kwa jina langu, akamdanganya mama yake kwamba amejiandikisha kwa hiari. Barua ya kifo ilipokuja, ilikuja dukani kwangu, ikisema aliyekufa ni mimi. Niliisoma, nikaitia kwenye makaa ya pasi. Mama mkubwa nikamwambia habari nimezipata kwa askari mmoja mpita njia.

"Mwambie mama," vidole vikakwaruza. "Aniite yeye."

Mlango ukagongwa.

"Fundi," mama mkubwa alisema akiwa nje. "Njoo kesho, njoo keshokutwa. Nilijua tu. Hata marehemu mnampigia kalenda?"

"Naja, mama. Bado kidogo."

Koti likanibana. Pumzi ikawa nusu.

"Una nini humo ndani?"

"Uzi tu umeniishia."

Likabana tena. Mbavu zikalia.

Akausukuma mlango. Aliniona nimesimama wima mbele ya kioo, mikono imekauka ubavuni, jasho linanitiririka.

"Mbona umelivaa wewe?"

Nikamwambia. Maneno yalitoka vipande vipande, na kila neno la kweli lilinirudishia pumzi kidogo. Barua. Jina. Makaa ya pasi. Hakulia, wala hakunitukana. Nilipomaliza alisogea, akaweka kiganja kifuani pa koti, akamwita mwanawe kwa jina lake kamili, polepole, kama anavyoamshwa mtoto.

"Labeka, mama."

Kinywa kilikuwa changu.

Mimi sikusema.

Mama mkubwa alifumba macho. Kifungo cha kwanza kikafunguka chenyewe. Cha pili. Nilihisi kitu kikianza kunitoka mgongoni, chepesi, kama mtu anayeinuka kitini...

Kifungo cha tatu mama mkubwa alikifumbata mkononi.

"Usiende," alisema. "Ndiyo kwanza umefika."

Hakuzika kitu. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumapili jioni, nililivaa lile koti sebuleni kwake. Alinifunga vifungo kwa mkono wake, akaita, na kinywa changu kikaitika. Kisha walizungumza. Ningekataaje? Mwanawe alikufa badala yangu. Na kila nilipokuwa nikirudi nyumbani, chini ya ngozi yangu, mtu alikuwa akinong'ona kwamba amechoka, nimwombee kwa mama yake aachiwe. Sikumwombea hata mara moja. Niliogopa kumtazama yule mama akifiwa mara ya pili.

Alipofariki, nililivaa koti peke yangu mbele ya kioo, nikamwita Kinanda kwa jina lake kamili ili aende zake.

Kimya.

Nikaita tena. Kimya. Basi nikaliita langu, lile alilofia.

Likaitikiwa kabla sijafunga mdomo.

Koti nililizika siku hiyohiyo, kwa mikono yangu. Halikusaidia kitu. Siku hizi mke wangu akiniita kutoka jikoni, siitiki upesi. Nasikiliza kwanza kama kuna mwingine atakayenitangulia.