Namba Sita za Mkahawani

"Jirani, huo mtandao wa bure unaoukimbilia mkahawani, una hakika ni wa nani?"

Fundi simu wa mlango wa pili alimwuliza hivyo fundi cherehani. Fundi cherehani akacheka, pini zikiwa mdomoni.

"Wivu tu! Unataka ninunue bando kwako."

Siku iliyofuata alipeleka magauni mjini, kisha akaingia mkahawani kutazama mitindo mipya. Simu ilionyesha mitandao miwili yenye jina la mkahawa. Hakuuliza. Akagusa wa juu. Ukurasa ukamwambia aandike namba yake ya simu, kisha namba sita atakazotumiwa. Akaandika zote. Mtandao haukufunguka. Akanywa chai yake, akaenda zake.

Jioni binti yake, anayesoma chuo mji mwingine, alipiga simu.

"Mama, niko stendi. Huyo mjomba uliyeniandikia nimfuate, mbona simjui? Yuko ndani ya gari, ananiita."

"Mjomba gani? Sijakuandikia kitu!"

"Hata mimi nilishangaa. Wewe huandiki, mikono yako ina nguo kutwa. Unatuma sauti, na cherehani inanguruma nyuma."

"Usisogelee gari hilo! Ingia dukani, kaa na watu! Usikate simu!"

Akasikia miguu ikikimbia. Akasikia pumzi. Ee Mungu, mwanangu! Kisha sauti ya mwanamke: "Ingia, binti. Nani anakufukuza?"

Mama hakuiachia simu mpaka shangazi wa binti, aishiye mji huo, alipoitwa na mwenye duka akaja kumchukua.

Fundi cherehani alipokwisha kutoa taarifa polisi, alibisha hodi kwa fundi simu. Programu yake ya ujumbe ilikuwa imemfungia nje.

"Namba zile sita ndizo ufunguo wa programu yako," fundi simu alisema. "Mtu alitega mtandao wake, akaupa jina la mkahawa. Ukamkabidhi ufunguo. Akasoma mazungumzo yenu, akajua mwanao yuko wapi."

Wakaifungua programu upya, wakamtoa mwizi, wakaongeza namba ya siri ya pili. Wakaizuia simu isijiunge yenyewe na mitandao.

"Ukiwa nje, waulize wahudumu jina la mtandao wao. Mambo ya benki na ya siri, tumia bando lako. Na namba unazotumiwa kwa ujumbe usimpe mtu yeyote. Hata mimi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi na wivu wangu."

Fundi cherehani akacheka.

Binti alipokuja likizo, walikwenda zahanati. Wakiwa wanasubiri, mwanamume nadhifu aliinama karibu yao.

"Mama, mtandao wa hapa ni bure. Nisomee tu namba utakazotumiwa, nikufungulie."

Akamvuta binti karibu. Kisha akapaza sauti mpaka mapokezi:

"Dada! Huyu ni mfanyakazi wenu?"

Wagonjwa wote wakageuka. Dada wa mapokezi akainua kichwa. "Yupi?"

Mwanamume akachukua mkoba wake, akatoka.