Nishikie Mama

Shuka lilikuwa limeshabadilishwa. Dobi alisimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, mkoba bado begani, akalitazama. Lilikuwa jeupe, limenyooka, pembe zake zimechomekwa chini ya godoro kwa mkunjo ambao yeye mwenyewe, pamoja na miaka yake yote ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, hakuwahi kuupata. Mama alikuwa amelazwa ubavu, mto katikati ya magoti. Mgongo wake uling'aa mafuta. Chumba kilinuka majani yaliyolala kwenye maji.

Alidhani ni shangazi. Shangazi ndiye aliyeshinda na mgonjwa, kisha alasiri akaenda kwa wajukuu wake. Lakini alipopigiwa simu, shangazi alisema amemwacha mama kwenye shuka lile lile la asubuhi, akamsifu Dobi kwa kuwahi kurudi. Dobi akasema asante. Hakuuliza zaidi. Alikaa kitini, akavua viatu, akatazama tope kwenye soli, na kilichomjia hakikuwa hofu. Kilikuwa unafuu, mzito kama usingizi.

Tangu mama apigwe na kiharusi, moyo wa Dobi ulikuwa kama pasi iliyochomolewa kwenye umeme: umbo lipo, uzito upo, joto hakuna. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta kidevu. Mama, mdomo umevutwa upande mmoja, alitoa sauti zisizo maneno. Mdogo wake, Kinyozi, alimsaidia dada yake kunyanyua, kisha akatoka uani na kusimama huko bila kufanya lolote.

Ndiyo maana walikimbilia msituni.

Msitu wenyewe ulikuwa nyuma ya tangi la maji la mtaa. Jioni moja, wakikwepa kurudi nyumbani, walikaa juu ya mti ulioanguka pamoja na rafiki yao Ticha, mwalimu wa darasa la pili. Ticha akapiga mluzi mrefu, akatangaza kwamba treni inaondoka. Walicheka, watu wazima wenye kazi zao, na kesho yake wakarudi. Kinyozi akawa dereva, tawi kavu ndiyo breki. Ticha akawa kondakta, akiita vituo vya nchi isiyo na watu wakubwa: Usingizini, Simu Imezimwa, Kesho Kutwa. Dobi alikaa dirishani, yaani pale gome lilipobanduka, akaangalia miti ikipita. Ilipita kweli, ukikaza macho vya kutosha.

Sheria ya mizigo aliitunga Ticha. Treni hii haipandwi na mzigo. Kando ya mti kulikuwa na kisiki kilichooza katikati, nacho kikafanywa karani wa stoo. Kila abiria aliinama, akataja anachokiacha, akamalizia kwa kusema "nishikie". Wakati wa kuondoka aliinama tena, akasema "nipe changu". Ticha alimwacha mwalimu mkuu wake. Kinyozi alimwacha mchumba aliyekuwa akisubiri jibu. Dobi alimwacha mama.

"Fafanua, Bi Dobi," Ticha alimtania. "Karani wetu hapokei mzigo usio na maelekezo."

Basi Dobi akaeleza, nusu akicheka. Mama ageuzwe mara kwa mara. Mgongo upakwe mafuta. Uji usiwe wa moto. Azungumzishwe, hata kama hajibu. Hilo la mwisho yeye mwenyewe alikuwa ameshaliacha.

Siku ya lile shuka, wingu lilikuwa limetanda, na wenzake walidai mizigo yao haraka haraka. Dobi naye aliinama. Midomo ilicheza, lakini hakusema kitu. Alijua hakusema. Alinyanyuka, akapangusa magoti, akawafuata.

Baada ya hapo hakudai tena. Akawa anakaa msituni mpaka giza linaanza kuingia, na kila aliporudi alikuta kazi imekwisha. Vidonda vya mgongo wa mama vikafunga. Mashavu yakajaa. Kinyozi, aliyekuwa ameacha kwenda msituni na kurudi nyumbani moja kwa moja siku hizo, alimwambia dada yake kwamba anajituma mno, apumzike kidogo. Dobi akaipokea sifa ile kama mtu anayepokea mfuko bila kuuliza ndani kuna nini.

Wa kwanza kuogopa alikuwa Ticha. Alikuta kisiki ni kitupu. Uozo wote wa katikati ulikuwa umetoka, limebaki shimo safi, na kwenye ukingo wake matope yalikuwa yameburuzwa kuelekea nje. Hakutania. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mchezo huu yeye basi, akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo Dobi alirudi mapema. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango aliposikia maji yakikamuliwa kutoka kwenye kitambaa, taratibu, tone kwa tone, kisha akasikia mtu akimsimulia mama habari za hotelini, za mashuka yaliyorudi na madoa ya hina na za msimamizi anayekoroma kwenye kapu la taulo, habari ambazo Dobi alizijua kwa sababu ni zake na hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, na sauti iliyozisimulia ilikuwa na mkwaruzo ule ule wa mvuke wa pasi uliokuwa kwenye koo lake mwenyewe, na katikati ya habari hizo, kwa mara ya kwanza tangu augue, mama yake akacheka.

Alifungua. Hapakuwa na mtu. Kiti cha kando ya kitanda kilikuwa kimelowa. Mama alimtazama, na kile kicheko kikazimika usoni mwake. Dobi alipompelekea kijiko cha uji, mama alifumba mdomo na kugeukia ukutani.

Alimfuata Kinyozi uani.

"Jioni nani anakaa na mama?" alinong'ona.

"Si wewe?"

"Mimi nakuwa msituni."

Kinyozi alimgeukia. Kisha akasema, polepole, "Dada, jana nilikuwekea beseni la maji mlangoni. Ulitoa mkono ukalipokea. Tukagusana."

"Mkono ulikuwaje?"

"Wa baridi. Nikajua umetoka kufua."

Shangazi, aliposimuliwa habari za mkono ule, ndiye aliyemleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyevua viatu mlangoni na kuomba ndoo ya maji na kiti kisichokaliwa. Ilikuwa mchana mweupe. Alinyunyiza pembe za chumba akisoma kwa kunong'ona, mpaka maji ndooni yakaanza kutetemeka, harufu ya majani ikapanda ikawakaba koo, na kile kiti kitupu kikalia kama kinavyolia kiti mtu anapokikalia. Mganga akakiuliza ni nani, na kimeingia kwa sababu gani nyumba isiyo yake.

"Sikuingia," sauti ya Dobi ikajibu kutoka kitini. "Nilipewa nishike."

Mganga alivua miwani. Alimgeukia Dobi, na Dobi akaeleza yote, treni, kisiki, siku ile ya wingu. Shangazi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Aliyeingia mwenyewe ningemtoa," mganga alisema. "Aliyepewa hadaiwi na mtu mwingine. Dai wewe, binti yangu. Ila udai unachokitaka kweli. Hawa wananusa uongo."

Dobi alitafuta ndani yake kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha wageni. Alipapasa huku na huku. Alikuta uchovu, na nyuma ya uchovu, uchovu mwingine.

"Nipe mama yangu," alisema. Maneno yalitoka makavu.

Kiti kikalia tena. "Muulize mwenyewe."

Mama aligeuza shingo bila kusaidiwa. Mdomo uliokuwa umevutwa upande ulirudi taratibu mahali pake.

"Mwanangu," alisema, wazi kabisa, akikitazama kiti, "huyu msichana aliyesimama hapo ni nani? Mwambie atuache tupumzike."

Shangazi alianza kulia, na hakuna aliyejua kama ni kwa hofu au kwa furaha. Mganga alimwaga maji uani, akavaa viatu. Alisema, bila kumwangalia Dobi, kwamba mgonjwa anapona, na kwamba katika kazi yake hajawahi kuitwa kumtoa anayeponya.

Dobi akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlangoni. Baada ya muda Kinyozi alitokea jikoni na beseni linalotoa mvuke. Macho yake yalimpitia dada yake kama yanavyoupitia mkoba ulioachwa njiani.

"Dada," aliita kuelekea ndani, "maji tayari. Nilete?"

"Lete, mdogo wangu," sauti ilijibu kutoka chumbani.

"Samahani, naomba nipite," Kinyozi alimwambia Dobi, kwa adabu anayopewa mgeni, akainua beseni juu ya kichwa cha Dobi, akaingia.

Dobi alibaki pale akisubiri uchungu uje. Alisubiri mpaka taa za mtaa zikawaka. Haukuja.