Siri ya Feleti na Msuli wa Paja

Feleti alikuwa mzee, lakini siku hizi alijipaka manukato kama bwana harusi. Alilala chumba cha peke yake. Shuka zake alifua mwenyewe, mwanaume ambaye hajawahi kuosha hata kikombe! Kila Jumanne alikwenda kijiji cha pili, kwenye zahanati ya Kalolaine, muuguzi mjane mwenye kicheko kingi.

Wivu ulimkaba mkewe, Lesieli. Jumanne moja alimfuata, akasukuma mlango wa zahanati bila kubisha.

"Nimewafuma! Mzee mzima, aibu huna! Kwetu kuna zahanati, na muuguzi ni dada yako. Huku unafuata nini?"

"Dada yangu nitamwambiaje mambo ya chini ya kiuno?" Feleti alijibu, macho chini.

Kweli. Kwa Watonga wa visiwa vya Pasifiki, kaka na dada hawatajiani mambo hayo hata kwenye ugonjwa.

"Na mimi mkeo? Kalolaine ajue, mimi nisijue?" Wivu huu ulikuwa mkali kuliko ule wa kwanza.

"Niliogopa utanikimbia. Mkojo unatokea nyuma, Lesieli. Nanuka."

Kalolaine akawaketisha. "Mama, mumeo ana fistula. Mionzi ya saratani ya tezi dume ilidhoofisha nyama. Pametoboka tundu kati ya njia ya mkojo na njia ya haja kubwa."

"Si washone tu?"

"Nyama ya hapo haiponi vizuri. Daktari wa upasuaji huziba tundu, halafu katikati huweka nyama yenye afya, ikiwa bado na mishipa yake ya damu. Tundu likiwa juu, kwenye kibofu, anaweza kutumia utando wa mafuta wa tumboni. La Feleti liko chini. Huenda akageuzia hapo msuli mwembamba wa ndani ya paja."

"Atatembea kweli?"

"Atatembea. Paja lina misuli mingine."

"Basi apasuliwe. Na mpira wa mkojo atakaowekewa nitauangalia mimi, sio wewe!"

Kalolaine akacheka sana.

Feleti alipasuliwa New Zealand, akapona polepole. Aliporudi kwenye kikao cha kunywa kava, kinywaji cha mizizi, binti mrembo alimpa bakuli huku akitabasamu. Wanawake wakamtupia macho Lesieli, wakingoja moto uwake. Feleti alikunywa, akakaa sana, kisha akainuka. Lesieli hakumtazama binti. Aliupapasa mkeka alioukalia mumewe.

"Mkavu," akasema, akaanza kulia.