Mwalimu Mkuu na Bwana Subiri

Korido ya ofisi ya elimu ilijaa walimu hadi mlangoni, na mwalimu mkuu, gauni lake la manjano limeshalowa jasho mgongoni, hakuwa na hamu ya mzaha hata chembe. Alipoona mwanaume mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, anapenya mbele na kikombe cha chai mkononi, alimdaka mkono.

"Kaka yangu, foleni inaanzia kule nyuma."

"Najua, dada. Wote hao wananisubiri mimi."

Watu wakaangua kicheko. Kumbe ndiye ofisa wa shule za msingi, yule ambaye walimu walimpachika jina la Bwana Subiri kwa sababu ndilo jibu alilompa kila mtu. Mwalimu mkuu naye alipoeleza shida yake alijibiwa lile lile, kisha bila haya ofisa akamwomba namba ya simu. Akampa. Moyo nao hauna adabu.

Miezi ikaenda, wakapendana, wakapendana haswa. Simu za jioni zikawa haziishi.

"Umekula, malkia wangu?"

"Chakula kitapita wapi? Nina watoto wa darasa la tano hawawezi kusoma sentensi moja. Nataka saa ya kwanza ya asubuhi niwapange kwa uwezo wa kusoma, sio kwa darasa. Nipe ruhusa."

"Ombi lako liko kwa wakubwa. Subiri kidogo, mpenzi."

"Mwenzangu, watoto wanakua."

Hakusubiri. Jumatatu wa darasa la tano walikaa na wa la pili, wakaanza na silabi. Mzazi mmoja akaja juu, akalalamika, na ofisi ikamwita mwalimu mkuu ajieleze. Angeweza kuvuliwa cheo, na alilijua hilo. Alichojipa moyo nacho ni kwamba mpenzi wake atakuwa mle ndani.

Jioni ya kuamkia kikao, simu ikalia.

"Kesho kikaoni sitakuwepo. Nafasi yangu nimemwachia mwenzangu."

"Unanikimbia?"

"Nisikilize kwanza..."

Mwalimu mkuu akakata simu. Alilia, akanawa uso, akatoa kabatini suti ya bluu inayomkaa kuliko nguo zake zote.

Kikaoni, mama mkuu wa idara alimtazama juu ya miwani. "Ulibadilisha ratiba kwa idhini ya nani?"

"Yangu. Ndiyo kazi mliyonipa."

"Na wasipojua kusoma?"

"Mwisho wa mwaka njoo uwasikilize mwenyewe, mama. Wakishindwa, cheo nakirudisha kwa mikono yangu."

Mama yule akafunga faili.

"Endelea. Na nitakuja kweli." Kisha akaongeza, "Huyo ofisa wako aliingia hapa asubuhi, akasema mbele ya wote kwamba anakupenda, kwa hiyo hafai kukuamulia. Sijawahi kumwona akiharakisha jambo."

Mwalimu mkuu alitoka mbio. Alimkuta kwenye ngazi, tai imelegea, macho mekundu.

"Ningekaa mle ndani, wangesema umebebwa na bwana wako," alisema.

"Si ungeniambia?"

"Ulinikatia simu."

"Nilikuonea. Nisamehe, mpenzi." Akamkazia tai polepole, wala hakujali walimu waliokuwa wakipita.

"Nataka kukuoa. Nije kwenu lini?"

"Jumamosi hii."

"Si umuulize mama yako kwanza?"

"Mama nitamwambia," mwalimu mkuu alisema, akamshika mkono, wakashuka.