Reli Zilizopakwa Kutu

Treni ilikuwa imeshaondoka stesheni. Kichwa chake cha kijani chenye mstari wa njano kilivuta mabehewa ya abiria na behewa moja la mizigo, kikavuka daraja la vijiti vya aiskrimu, kikapasua msitu, kikaanza kuuzunguka mlima. Msitu ulikuwa wa nywele za watu. Mlima ulikuwa wa magazeti na plasta. Na dunia yote hiyo, pamoja na mto wake wa gundi iliyokauka, ilikuwa juu ya meza moja katika chumba cha nyuma cha kinyozi.

"Punguza mwendo," alisema Bi Rangi. "Abiria watatapika."

"Abiria wako ni njiti za kiberiti," alijibu Fundi Waya. "Watatapika nini?"

Hayo hayakuwa majina yao ya kuzaliwa, lakini pale dukani hakuna aliyewaita vingine. Fundi Waya alikuwa mtoto wa kinyozi. Bi Rangi alikuwa binamu yake, na kinyozi alikuwa mjomba wake. Kila siku wakitoka shule walifagia duka, kisha wakaingia chumba cha nyuma. Nywele laini walizozifagia walizifua, wakazichemsha na rangi ya kijani, wakazisokota kuwa vichaka. Wateja walijua. Fundi viatu wa jirani, aliyewapa vipande vya soli vya kulaza chini ya reli, alikuwa kila akinyolewa anauliza, "Na mimi mti wangu ni upi?"

"Wewe tumekuotesha nyasi tu, babu," Bi Rangi humjibu. "Mti hautoshi."

Kazi waligawana bila ugomvi. Mvulana alishika nyaya, kulehemu na kisanduku cha umeme chenye kirungu cha kuongeza na kupunguza mwendo. Kirungu hicho walikiita usukani. Msichana alishika brashi. Yeye ndiye aliyekifanya kichwa cha treni, kilichonunuliwa kikiwa kimechubuka kama goti la mtoto, kiwe kijani cha kutamanisha. Kesho yake meza ingebebwa hadi shuleni kwa siku ya wazazi, na Fundi Waya angeshika usukani mbele ya shule nzima. Bi Rangi alikuwa ameutamani usukani huo tangu reli ya kwanza ilipogongwa msumari, ila hakusema.

Treni ilipita nyuma ya mlima. Wakasubiri itokee upande wa pili. Haikutokea.

Fundi Waya akaongeza mwendo. Kimya. Akaisukuma kwa kidole. Ikastuka, ikaenda urefu wa ukucha, ikasimama tena.

Bi Rangi alijua sababu pale pale.

Jana yake alikuwa ameona reli zinang'aa kama vijiko vipya, akasema reli gani ya kweli inang'aa hivyo. Akachanganya rangi ya kutu. Mjomba alimwonya: "Paka ubavuni tu, mama. Treni hii inakula umeme kwa magurudumu, na magurudumu yanaupata juu ya reli. Rangi ikigusa juu, ifute kabla haijakauka. Ikikauka, ni kama umeiwekea treni chakula ukakifunika." Bi Rangi aliitikia vizuri sana. Lakini brashi ilipofika nyuma ya mlima ikamnogea. Akapaka ubavuni, akapaka juu, akaingiza brashi ndani ya handaki, ile njia ya treni iliyotoboa ubavu wa mlima, mpaka mkono ukakwama kwenye kiwiko. Akasema atafuta. Akaitwa kufagia, akaenda, na kutu yake ikakauka kwa raha zake.

"Baba," aliita Fundi Waya, "treni imekufa nyuma ya mlima."

Kinyozi alikuja na mashine mkononi. Kule mbele alikuwa amemwacha fundi viatu kanyolewa nusu ya kichwa. Kinyozi bila miwani haoni kupita pua yake, na miwani ilikuwa juu ya kioo cha duka. Aliinama, akaona vivuli tu, akainuka.

"Ni waya," alisema. "Nilikwambia usilehemu kwa haraka."

"Baba, nyaya nimezipima."

"Ungezipima, treni ingekuwa inakwenda. Au nasema uongo, Bi Rangi?"

Bi Rangi alifungua mdomo. Neno lililotoka halikuwa lile lililokuwa kwenye ncha ya ulimi. "Labda ni waya," alisema.

Kule mbele fundi viatu alipaza sauti. "Kinyozi, umeme wa treni ukikushinda, wangu wa mashine usije ukakatika. Nitatembeaje mtaani hivi?"

Wateja kwenye benchi walicheka. Kinyozi hakucheka. "Sikia," alimwambia mwanawe, "hatuwezi kwenda kuaibika shuleni. Rekebisha unachoweza. Lakini kesho usukani atashika mwenzio. Wewe utabeba meza." Akarudi kwenye kichwa chake cha nusu.

Basi usukani ukawa wa Bi Rangi, bure, bila hata kuuomba. Alisimama akaugusa. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Alijipangia. Fundi Waya akitoka tu, atafuta reli haraka, treni itakwenda, na kila mtu atasema kumbe waya ulijitengeneza wenyewe. Lakini Fundi Waya hakutoka. Aliingia chini ya meza na taa yake ndogo ya kupimia, akagusa waya mmoja, taa ikawaka. Akagusa wa pili, ikawaka. Akavikata viungo alivyolehemu wiki nzima, akavilehemu upya, moshi wa risasi ya kulehemia ukimwingia machoni. Akapima tena. Ikawaka. Akatoka, akasukuma treni. Haikwenda.

"Umeme unafika," alisema. "Nauona kabisa unafika."

Bi Rangi alikuwa ameshika brashi isiyo na rangi, anaupaka mlima usiohitaji kupakwa.

Fundi Waya alikaa sakafuni. Alianza kuviringisha nyaya zake, moja moja, akizitia kwenye kopo. "Au labda mimi sijui," alisema taratibu. "Nilidhani najua. Kesho sitagusa kitu, nitabeba meza tu. Hata na kulehemu nitaacha."

Kama angepiga kelele, Bi Rangi angeweza kuvumilia. Kelele alizizoea. Lakini mtu aliyejua jambo lake sawasawa, anakaa chini kujifundisha kwamba halijui, hilo lilimshinda. Aliweka brashi, akapita mlango, akaenda mpaka mbele dukani, maana aibu ya binamu yake ilikuwa imetolewa mbele za watu.

"Mjomba, si waya," alisema. "Nilipaka kutu juu ya reli na sikufuta. Nilijua tangu treni iliposimama. Nimenyamaza kwa sababu nilitaka usukani."

Mashine ilizimwa. Wateja wa benchi zima wakatazama viatu vyao wenyewe. Fundi viatu, ambaye sasa alikuwa amebakiza robo, alisema, "Haya, leo nitanyolewa kesho."

Fundi Waya alikuwa amesimama mlangoni na kopo lake. Aliliweka kopo chini. "Ungeniambia mimi kwanza," alisema.

"Ndiyo. Nisamehe."

"Nimelehemu viungo vyote upya, wewe."

"Nimeona. Nisamehe na kwa hilo."

Kinyozi alichukua miwani yake, akaivaa, akaenda kuiangalia reli. Aliporudi, alimgeukia mwanawe. "Na mimi nimekuhukumu bila kuvaa miwani. Uniwie radhi, mwanangu. Usukani ni wako." Kisha akachukua chupa ya spiriti anayosafishia mashine. "Msasa msitumie, utachuna chuma. Tumieni kitambaa na hii."

Reli za nyuma ya mlima zilisafishika. Shida ilikuwa handakini, ambamo mkono haukufika. Kuubomoa mlima ilikuwa kuanza upya, na jioni ilikuwa inaingia. Bi Rangi aliuchungulia mlango wa handaki, akalichukua behewa la mizigo, akalifunga kitambaa chenye spiriti tumboni, akalisukuma kwa kijiti kirefu mpaka likatokea upande wa pili. Kitambaa kilitoka na rangi ya kutu. Akakibadilisha. Fundi Waya akakaa upande wa pili, akawa analirudisha. Walilisukumiana mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Fundi Waya akageuza usukani. Treni ilizunguka mlima, ikaingia handakini, ikatoka na mabehewa yake yote, ikasimama stesheni kama iliyotumwa.

Kinyozi aliketi kwenye kigoda. "Sikilizeni nyote wawili," alisema. "Mimi nikikosea, kosa langu linatoka hapa juu ya kichwa cha mtu, linatembea mtaani likinitangaza. Ndiyo maana nimejifunza kulisema kabla mteja hajafika kwenye kioo. Kosa la Bi Rangi jana lilikuwa la kitambaa na spiriti. Leo, kwa kunyamaziwa, lilikuwa linakaribia kumla ndugu yake. Kosa likisemwa mapema, ni kazi ndogo. Likifichwa, hutafuta mtu wa kulilipia."

Siku ya wazazi treni ilikwenda tangu asubuhi mpaka wageni walipotawanyika. Fundi Waya alishika usukani, na mchana akampa binamu yake zamu moja. Baadaye alisomea ufundi wa umeme, na sasa anafunga nyaya kwenye majumba. Bi Rangi anaandika mabango ya maduka. Fundi viatu alihamia kwa mwanawe, na duka lake sasa linauza simu. Kinyozi bado ananyoa, akiwa na miwani. Meza ilibaki shuleni.