Kalibu Iliyobadilishwa Saa ya Chai

Mwili wa fundi Gatimu ulikuwa kifudifudi kwenye mashine ya kugandamiza sabuni, kifua kimebanwa na kalibu, chuma cha kuipa sabuni umbo. Wenzake katika kiwanda kile cha Nyeri walikuwa wametoka kunywa chai. Mngurumo wa boila ulimeza mayowe yake.

Inspekta Apondi alipekua mfuko wa ovaroli ya marehemu. Akatoa fyuzi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya hii mashine, Afande," alijibu Warigia, mwendeshaji wake wa kila siku, akijifuta machozi kwa leso. "Gatimu akibadilisha kalibu, lazima atoe fyuzi aweke mfukoni. Ndiyo mtu asiwashe."

Apondi akafungua kisanduku cha umeme. Ndani palikuwa na fyuzi nyingine, mpya. Haikuwa ajali.

"Nani alijua anabadilisha kalibu leo?"

"Hata mimi sikujua. Ratiba ilisema Jumamosi, mashine zikiwa zimesimama."

Mpangaji wa ratiba alikuwa Kihara, msimamizi wa zamu. Apondi alimkuta ofisini, chai yake imepoa bila kuguswa.

"Nani alimwambia Gatimu abadilishe kalibu leo?"

"Sijui. Ubaoni ni Jumamosi. Huyo alikuwa mtu wa kujifanyia mambo."

"Kalibu huwekwa wapi?"

"Stoo."

"Pamoja na fyuzi mpya?"

"Ndiyo."

"Ufunguo anao nani?"

Kihara alishusha mkono kiunoni. Ufunguo ulining'inia kwenye mshipi wake.

"Nani alimfungulia, Bwana Kihara?"

"Ni mimi." Sauti ilikuwa ya chini. "Nilimwambia kuna oda ya sabuni ndogo ya haraka. Alipoinama kukaza bolti, nikaweka fyuzi, nikawasha."

"Kwa nini?"

"Meneja aliuliza mbele ya watu wote kwa nini oda zinachelewa. Gatimu akasema napanga vibaya. Ati tunapoteza siku tukibadilisha kalibu ovyo, na sabuni za aina moja zingetengenezwa pamoja. Meneja akasema kuanzia wiki ijayo Gatimu ndiye atapanga. Mimi niko hapa tangu kiwanda kikiwa cha wazungu, Afande. Huyo nilimfundisha kushika spana."

"Alisema uongo?"

Kihara alitazama mikono yake.

"Hapana. Alisema ukweli."

Apondi akamtia pingu, akamkabidhi kwa konstebo.

Langoni alisimama mwanamke aliyefika kutoka kijijini Gakindu, mtoto mgongoni. Alikuwa mke wa Gatimu. Aliambiwa tu kwamba mumewe ameumia, na sasa alikuwa akiuliza kila mtu amepelekwa hospitali gani. Watu walitazama chini.

Apondi alivua kofia, akamwendea.